Kabla ya Kununua Mwendelezo wa Gemu ya Kutisha

Mwendelezo wa gemu ya mpira au ya mbio za magari hupimwa kwa urahisi: umeongeza nini, na umerekebisha nini. Gemu ya kutisha haipimiki hivyo, kwa sababu kilichouza sehemu ya kwanza ni hofu, na hofu huishi kwa kutojua. Aliyemaliza sehemu ya kwanza anajua tayari kiumbe anayemwinda husikia nini na haoni nini, anajua risasi hufichwa wapi, na amekwisha kuzoea kwamba muziki ukinyamaza ghafla kuna jambo nyuma ya mlango. Watengenezaji nao wanajua kwamba anajua. Kwa hiyo karibu kila mwendelezo wa aina hii hulazimika kubadilisha jambo fulani la msingi ili utishe tena, na uamuzi wa kununua au kuacha unategemea, kuliko kitu kingine chochote, kama lililobadilishwa ndilo hasa ulilolipenda.

Anza na sehemu ya kwanza

Kabla hujatazama trela hata moja ya gemu mpya, jiulize ni nini kilichokushika katika ile ya awali, na ujijibu kwa undani. "Ilitisha" si jibu. Ulichopenda ni unyonge wa mhusika asiye na silaha, au ni raha ya kubana risasi tatu zilizobaki? Ni mafumbo, ni hadithi, ni mahali penyewe, au ni kule kukimbizwa? Watu wawili waliomaliza gemu moja na kuisifu kwa maneno yaleyale wanaweza kuwa waliipenda kwa sababu zinazopingana kabisa, na mwendelezo mmoja ukamfurahisha huyu na kumchukiza yule.

Mfano mzuri ni Amnesia: The Dark Descent, gemu ya studio ya Frictional Games iliyotoka mwaka 2010. Mchezaji alipita katika kasri lenye giza akiwa na taa ya mafuta, na mafuta yalikuwa yakiisha. Vibiriti vya kuwashia mishumaa na mienge vilikuwa vya kuhesabu. Akikaa gizani muda mrefu, akili ya mhusika ilivurugika, picha ikayumba na sauti za ajabu zikaanza kusikika. Akikaa kwenye mwanga, viumbe waliweza kumwona kwa urahisi. Kila hatua ilimlazimu achague kati ya hofu mbili. Mwaka 2013 ukaja mwendelezo, A Machine for Pigs, uliotengenezwa na studio nyingine, The Chinese Room. Humo taa ni ya umeme isiyoisha, mfuko wa vitu haupo, na kipimo cha utulivu wa akili hakipo. Kilichobebeshwa mzigo wote ni hadithi na maandishi, ambayo kwa maoni yangu yameandikwa vizuri sana. Mtu aliyeipenda gemu ya kwanza kwa masimulizi yake alikuwa na kila sababu ya kununua, lakini aliyeipenda kwa ule ubanaji wa mafuta alilipia gemu isiyokuwa na kile alichokifuata.

Chunguza mabadiliko yameelekea wapi

Mwelekeo unaoonekana mara nyingi zaidi ni kumwongezea mchezaji nguvu. Gemu ya kwanza ikiuza sana, bajeti ya ya pili hukua, na bajeti ikikua huja haja ya kuwavuta hata wale ambao hawapendi kutishwa, na hapo ndipo mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mfululizo wa Resident Evil, ulioanzishwa na Capcom mwaka 1996, unaonyesha safari hiyo kwa uwazi. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 iliiweka kamera nyuma ya bega la mhusika, ikampa silaha za kuboresha na mfanyabiashara wa kumuuzia. Resident Evil 5 ya mwaka 2009 ikamwongezea mwenzi wa kupigana naye bega kwa bega, na Resident Evil 6 ya mwaka 2012 ikawa kwa sehemu kubwa gemu ya mapigano na milipuko. Simo miongoni mwa wanaodai kwamba risasi nyingi ni dhambi, kwani ile ya nne ni miongoni mwa gemu nzuri kuliko zote za aina hii. Lakini aliyekuwa akitafuta kutetemeka alipaswa kufahamu, kabla ya kutoa fedha, kwamba mfululizo ulikuwa umehama mtaa. Ulirudi mwaka 2017 kwa Resident Evil 7, ambayo ilimweka mchezaji ndani ya macho ya mhusika mpya, Ethan Winters, katika nyumba moja iliyobanana, akiwa na silaha chache.

Wakati mwingine badiliko ni dogo kwenye karatasi ilhali athari yake ni kubwa. Katika Dead Space ya mwaka 2008, kila silaha ilikuwa na risasi zake, hivyo ungeweza kuishiwa risasi za silaha unayoitegemea huku mfuko umejaa za nyingine, na ukalazimika kupigana kwa chombo usichokizoea. Katika Dead Space 3 ya mwaka 2013 silaha zote zilitumia risasi za aina moja. Tangazo lingeweza kuliita jambo hilo urahisi kwa mchezaji, na ni urahisi kweli, ila wasiwasi wa kufungua mfuko na kuhesabu ulikuwa nusu ya gemu. Sehemu hiyo ya tatu iliruhusu pia watu wawili kucheza pamoja. Ukiona mwendelezo unanadi uchezaji wa pamoja kama sifa yake ya kwanza, elewa kwamba hofu ya peke yako gizani imepunguzwa makali, na ujiulize kama unaye mwenzako wa kucheza naye. Kama huna, huenda ukabaki na mwenzi anayeendeshwa na kompyuta, na si kila mmoja wao ana akili.

Mwelekeo wa kinyume upo pia, na huwashangaza wengi. Alan Wake ya mwaka 2010 ilikuwa na mapigano mengi ya tochi na bastola, lakini Alan Wake 2 ya mwaka 2023 ni ya taratibu, yenye uchunguzi mwingi na risasi chache. Aliyependa kasi ya ile ya kwanza anaweza kuchoshwa na ya pili, hata kama ya pili imesifiwa zaidi.

Ili kujua mwelekeo bila kusimuliwa hadithi, soma maelezo ya watengenezaji wenyewe na uangalie vitenzi wanavyotumia. Maelezo yaliyojaa kujificha, kukimbia na kuchunguza yanaahidi kitu kimoja. Yaliyojaa kupambana, kuboresha na kuunda yanaahidi kingine.

Jina ni la kampuni, mkono ni wa watu

Jina la gemu kwa kawaida humilikiwa na kampuni inayoichapisha, wala si lazima waliotengeneza sehemu ya kwanza ndio wawe wametengeneza ya pili. Little Nightmares na Little Nightmares II zilitengenezwa na Tarsier Studios, lakini sehemu ya tatu, iliyotoka mwaka 2025, ilikabidhiwa Supermassive Games. Hata studio ikibaki ileile, mwongozaji anaweza kubadilika: The Evil Within ya mwaka 2014 iliongozwa na Shinji Mikami, na ya pili ya mwaka 2017 ikaongozwa na John Johanas, nayo ikawa na maeneo mapana ya kuzurura ambayo ya kwanza haikuwa nayo. Mkono mpya si hukumu. Silent Hill 2 ilipotengenezwa upya na Bloober Team mwaka 2024, wengi walikuwa na mashaka kabla haijatoka, na ilipotoka ikapokewa vizuri. Mkono mpya ni sababu ya kusubiri uhakiki tu.

Kuhusu hadithi, namba za majina hazisemi ukweli wote. Silent Hill 2 ya mwaka 2001 inasimama peke yake, na mtu anaweza kuicheza bila kuijua ya kwanza. Silent Hill 3 ya mwaka 2003 inaendeleza moja kwa moja mambo ya sehemu ya kwanza. Resident Evil Village nayo inamfuata Ethan yuleyule wa ya saba. Kama hujacheza iliyotangulia na mwendelezo unaitegemea, ni afadhali ununue ile ya awali kwanza. Mara nyingi huwa na bei ya chini, na itakujibu swali la kama unaipenda aina hiyo.

Kusoma maoni bila kumalizwa uhondo

Trela ya gemu ya kutisha huwa imekusanya vitisho vikubwa na kuvipanga kwa sekunde chache, kwa hiyo haikuonyeshi mwendo halisi wa gemu, na papo hapo inakupunguzia mishtuko uliyokuwa uilipie. Njia bora ni kutafuta video ya mtu anayecheza bila kusema, utazame dakika kumi hadi kumi na tano za saa ya kwanza au ya pili, kisha uzime. Angalia mhusika anatembea vipi, mara ngapi gemu inamwacha mchezaji katika ukimya, na inachukua muda gani kati ya pambano moja na jingine. Usitazame gemu nzima ikichezwa ikiwa bado unafikiria kuinunua. Gemu ya mpira haiharibiki kwa kutazamwa, lakini ya kutisha ikishatazamwa imekwisha kutumika.

Katika maoni ya wanunuzi, yanayofaa kuliko yote ni ya wale walioisifu kwa masharti na walioilaumu kwa sababu zinazoeleweka. Lawama inayojirudia kuliko zote ni kwamba mwendelezo "hautishi kama wa kwanza", nayo ipokee kwa tahadhari, kwa kuwa aliyeiandika alicheza ya kwanza akiwa mgeni na ya pili akiwa mzoefu. Lawama inayotaja kitu mahususi ina uzito zaidi. Resident Evil 3 iliyotengenezwa upya mwaka 2020, kwa mfano, ililaumiwa kwa ufupi wake na kwa kuondoa baadhi ya maeneo ya gemu ya asili, ukiwemo mnara wa saa. Hilo ni jambo unaloweza kulipima dhidi ya bei. Na likiwepo onyesho la bure la majaribio, lijaribu, ingawa si kila onyesho ni kipande cha gemu yenyewe.

Mashine, mwili na mfuko

Linganisha mahitaji ya gemu na kompyuta yako bila kujidanganya. Picha inayokwamakwama huua hofu haraka kuliko hadithi mbovu. Alan Wake 2 iliwataka watumiaji wa kompyuta wawe na nafasi ya gigabaiti 90 kwenye diski ya SSD, yaani diski ya kasi, na ilipotoka iliwasumbua wenye kadi za michoro za zamani mpaka ilipofanyiwa marekebisho mwaka uliofuata. Sauti nayo isipuuzwe: katika Resident Evil 2 iliyotengenezwa upya mwaka 2019, mchezaji hutambua jitu linalomfuata liko chumba gani kwa kusikia vishindo vya buti zake ukutani na juu ya dari, na spika dhaifu humnyima taarifa hiyo pamoja na hofu yake. Ikiwa kamera ya ndani ya macho hukutia kichefuchefu, au mwanga unaomulikamulika hukudhuru, chunguza hilo kabla ya yote, pamoja na alama ya umri. Baadhi ya gemu hutoa msaada: Dead Space iliyotengenezwa upya mwaka 2023 ina chaguo la kukuonya kabla ya tukio baya na la kulificha.

Ununuzi wa kabla ya gemu kutoka hauna faida kubwa, kwa sababu nakala za mtandaoni haziishi. Zawadi zake huwa mavazi au silaha ya ziada, na silaha ya ziada mwanzoni mwa gemu ya kutisha ni kama kuwashiwa taa katikati ya filamu. Anayesubiri miezi kadhaa kwa kawaida hupata gemu iliyokwisha kurekebishwa, bei iliyoshuka, na pengine toleo lililojumuisha nyongeza zote.

Ukiamua kununua, soma kwanza masharti ya kurejeshewa fedha, maana hayafanani. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hukubali ombi likitumwa ndani ya siku 14 tangu kununua na gemu ikiwa imechezwa kwa muda usiozidi saa mbili, na muda wa kukaa kwenye menyu huhesabiwa. Duka la PlayStation pia hutoa siku 14, lakini ukishaanza kupakua gemu haki hiyo kwa kawaida hupotea, hivyo kwenye konsoli hiyo maamuzi yote yafanyike kabla ya kubonyeza kitufe cha kupakua. Kwa anayetumia Steam, saa mbili hizo zitumie usiku, ukiwa peke yako, taa zimezimwa na vipokea sauti vikiwa masikioni. Zikikaribia kwisha na bado hujasita mbele ya mlango hata mmoja, omba fedha zako.