Kupata sauti mpya kwenye sinthi: kutoka uzi mmoja hadi robo toni za Rast

Mdogo wangu mmoja wa Chake Chake, anayetengeneza biti kwenye programu ya FL Studio, alinijia studio Jang'ombe na hadidiski imejaa pomoni prizeti, yaani sauti zilizotengenezwa tayari. Malalamiko yake: "Kaka, kila nikipiga sauti naona kama nishaisikia pahala." Kweli kaisikia. Prizeti hizo hizo ndizo zinazopigwa Dar, Nairobi na Lagos, tena na watu waliozipata kabla yake. Nilimwonesha njia ninayotumia mimi, na kwa kuwa wapo wengine wanaouliza hayo hayo, naiandika hapa. Sifundishi kuweka plagini wala kufungua FL, hayo unayajua.

Hatua ya 1: Funga folda ya prizeti

Chagua sinthi (programu ya kuzalisha sauti) moja, mwisho mbili. Mimi natumia Surge XT na Vital. Surge XT ni ya bure moja kwa moja na msimbo wake wa programu uko wazi tangu 2018. Vital ina toleo la bure linalokuja na prizeti 75 tu, na uchache huo mimi nauhesabu kuwa ni faida. Serum nzuri, sikatai, lakini ni ya kununua, na ile ya wizi inayozunguka kwenye flashi za watu ndiyo inayowaachia virusi kwenye laptopu. Sioni haja.

Fungua Surge XT, ingia kwenye orodha ya sauti, tafuta Templates, chagua Init Saw. Inalia vibaya kama honi ya daladala. Ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 2: Badilisha chanzo kabla hujagusa filta

Vijana wengi wakitaka sauti mpya wanakimbilia filta na rivabu. Filta inakata kilichopo, haileti kisichokuwepo. Ukianza na wimbi lile lile la msumeno (hiyo Saw) utaishia pale pale walipoishia wenzako. Anza na osileta, sehemu ya sinthi inayozalisha sauti yenyewe.

Kwenye Surge bonyeza aina ya osileta, chagua String. Hii haichezi wimbi lililorekodiwa, inaiga uzi unaotetemeka. Hesabu yake inatokana na kazi ya Kevin Karplus na Alex Strong iliyochapishwa 1983: kelele fupi inaingizwa kwenye ucheleweshaji mdogo sana, inazunguka humo, na kila ikizunguka inapoteza ukali kidogo. Sikio linasikia uzi uliochunwa.

Sasa chezea vitu vitatu. Cha kwanza ni Exciter, yaani kile kinachougusa uzi. Jaribu Burst Noise, kisha Burst Pink Noise usikie tofauti ya risha ngumu na kidole. Cha pili, String 2 Detune. Osileta hii ina nyuzi mbili, na ukiupotosha wa pili kidogo tu unapata ule mng'ao wa ganuni, ambayo kila noti yake kwa kawaida ina nyuzi tatu zisizolingana kikamilifu hata fundi akaze vipi. Usizidishe, ukisikia mawimbi yanapishana kama injini ya boti, rudisha. Cha tatu, Stiffness, ugumu wa uzi. Ukiupandisha, uzi unaanza kuelekea kwenye chuma na kengele, na huku ndiko kwenye sauti ambazo hakuna mwenye nazo.

Pandisha na Release ya envelopu ya sauti, la sivyo ukiachia noti uzi unakatika ghafla kabla haujafa wenyewe.

Hatua ya 3: Toka nje ya noti kumi na mbili

Hatua hii ndiyo iliyotukesha, kwa hiyo nitaiandika kwa urefu.

Unaweza kutengeneza sauti ya ajabu vipi, lakini ukiipiga kwenye noti zile zile za kinanda cha kizungu, nusu ya upya inapotea. Sisi Zanzibar hatuna haja ya kwenda mbali. Taarab ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza 1905, imekaa juu ya makamu (mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu) zilizotufikia kutoka Misri, na ndani yake mna robo toni, noti zinazoanguka katikati ya funguo mbili za kinanda. Biti zetu nyingi zinazojiita za Kizanzibari zinaweka fidla juu na kuliacha hilo.

Surge inakubali kupangwa upya kwa faili la maandishi lenye ugani wa scl. Tuanze na makamu ya Rast. Fungua Notepad, andika hivi:

! rast_do.scl
Rast ya Do
12
100.0
200.0
300.0
350.0
500.0
600.0
700.0
800.0
900.0
1000.0
1050.0
1200.0

Mstari wenye alama ya mshangao hausomwi, ni wako wewe. Unaofuata ni maelezo, kisha idadi ya noti, kisha noti zenyewe kwa senti. Nusu toni moja ni senti 100. Do yenyewe haiandikwi, inajulikana kuwa ni sifuri. Ya mwisho, 1200, ni Do ya juu. Tulichobadilisha ni viwili tu: Mi imeshuka kutoka 400 hadi 350, na Si kutoka 1100 hadi 1050. Basi. Piga funguo nyeupe kuanzia Do, hiyo ni Rast. Na kuna zawadi: anza kwenye Re badala ya Do, piga Re, Mi, Fa, Sol, La, Si bemoli, Do, na faili lile lile linakupa makamu nyengine, Bayati.

Kulipakia, liburute uliangushe juu ya dirisha la Surge, au bonyeza kitufe cha Tune. Vital nayo inasoma mafaili ya aina hii.

Sasa mitego.

Nukta. Ndani ya faili la scl, namba yenye nukta ni senti, na namba isiyo na nukta ni uwiano. 350.0 ni senti mia tatu na hamsini. 350 bila nukta maana yake ni mara mia tatu na hamsini ya Do, zaidi ya okteva nane juu. Likikupata kwenye Mi utaligundua mara moja kwa kuwa noti hiyo moja itapotea. Balaa ni likitokea kwenye mstari wa mwisho. Kijana wangu aliandika nukta kote akaisahau kwenye 1200. Okteva ya katikati ikawa safi kabisa, Rast tamu, tukafurahi. Akipanda juu, kimya. Akishuka chini, kimya. Tukaangalia spika, tukabadilisha waya wa hedifoni, tukaifuta Surge tukaiweka upya, na yeye akaapa ni laptopu. Kumbe ile 1200 inaiambia sinthi okteva moja ina ukubwa wa mara elfu moja na mia mbili, kwa hiyo kila kilicho nje ya okteva ya katikati kinaruka mbali kuliko sikio linavyofika. Kabla hujalaumu chombo, hesabu nukta.

Ugani. Notepad inapenda kukuongezea txt kimyakimya, faili likawa rast_do.scl.txt, na Windows inakuficha mkia huo. Wakati wa kuhifadhi chagua aina ya faili iwe yote.

Usiandike skeli ya noti saba. Utaona kama ni akili, kwa nini niweke noti nisizozitumia? Ukiandika saba, Surge inazipanga kwenye funguo saba zinazofuatana, nyeupe na nyeusi bila kubagua, na Do ya juu inaangukia kwenye Sol. Vidole vyako vyote ulivyovizoesha vinakuwa havina kazi. Weka kumi na mbili, shusha unazotaka.

Do ipi? Surge inahesabu kuanzia noti namba 60, Do ya katikati, ambayo FL Studio inaionesha kama C5 (C ndiyo Do). Usitishwe na hiyo tano.

Ukitaka kuimbisha kutoka noti nyengine, usihamishe faili, andika jengine. Kanuni ya Rast ni kushusha kwa 50 noti ya tatu na ya saba za skeli unayoanzia. Rast ya Sol kwa mfano: Si inakuwa 1050.0, na ufunguo wa Fa dizi unashuka kutoka 600.0 hadi 550.0. Mi inarudi 400.0. Nyengine zote ziache. Kwa kuwa bado unahesabu kutoka Do, ala nyengine za kwenye biti zinabaki kwenye mstari.

Hizo ala nyengine ndizo mtego mkubwa. Sinthi yako iko 350, pedi uliyoweka chini iko 400, zinagombana na msikilizaji anasema umepiga sivyo. Mimi hufanya hivi: kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zenye noti ya tatu nazitoa kabisa, na besi naipa noti ya kwanza, ya nne na ya tano tu. Sikiliza sanduku la kidumbak, ile besi ya boksi na uzi, linavyotembea, halihitaji noti nyingi kukutikisa.

Na otochuni! Msanii anaimba robo toni yake safi, aliyoisikia kwa bibi yake tangu utoto, halafu programu inaivuta hadi kwenye noti ya kinanda. Plagini nyingi za kurekebisha sauti zina mahali pa kuchagua noti. Hapo usiiondoe ile noti, kwa sababu ukiiondoa sauti itavutwa kwa jirani yake. Tafuta chaguo la kuiruka isiguswe. Kama halipo, izime otochuni. Mimi kwa Rast naizima bila kuuliza.

Mwisho wa hatua hii: 350 ni pa kuanzia. Mpiga fidla wa taarab haiweki Mi yake kwa rula; huipandisha na kuishusha kulingana na anakokwenda. Jaribu 345.0, jaribu 355.0, ukipiga pamoja na rekodi unayoipenda. Ukitaka kuisikia ganuni au udi karibu, Dhow Countries Music Academy wamekuwa wakizifundisha tangu 2002. Kaa kwenye mazoezi ukiwa umefumba macho, utajifunza zaidi kuliko video zote.

Hatua ya 4: Ingiza kelele ya nyumbani

Sasa hamia Vital. Rekodi kitu kwa simu. Nilichomwonesha kijana ni mbuzi ya nazi: mama yuko jikoni anakuna, simu iko karibu na ule mdomo wa chuma. Ukisikiliza kwa makini, kila mkuno una sehemu mbili, mkwaruzo mkali wa kwenda na mlio mzito wa kurudi pale kifuu kinapotetemeka, na jinsi nazi inavyokwisha ndivyo ule mlio unavyopanda. Shekere ya dukani haina hilo.

Usijitumie kwa voisinoti ya WhatsApp. Inabana sauti na kule juu kote, ambako ndiko mkwaruzo ulipo, kunabaki matope. Itume kama dokumenti, au chomeka waya. Kisha igeuze iwe WAV.

Kelele isiyo na noti, kama ya nazi, iweke kwenye sehemu ya sampuli ya Vital, washa kurudiarudia, zima kufuata funguo. Ipitishe kwenye filta ya aina ya comb, na hiyo filta ndiyo uifanye ifuate funguo. Nazi inaanza kuimba noti unazopiga. Ichanganye chini kabisa ya uzi wa hatua ya 2, kiasi cha kuikosa ukiizima.

Kitu chenye noti, mfano uzi wa sanduku au mtu akivuta "aaa", kiburute hadi juu ya osileta yenyewe. Vital itakuuliza unataka kukifanya nini. Chagua Pitch Splice, inatafuta noti na kukata kwa kuifuata. Ukichagua Wavetable inakata vipande vya sampuli 2048 bila kujali noti imeanzia wapi, na unapata mlio wa kubomoka. Wakati mwengine huo mlio wa kubomoka ndio nautaka, lakini uutake wewe, usikutokee.

Hatua ya 5: Mwendo

Kasi ya kugusa ufunguo iunganishe na nafasi ya wimbi, si na sauti kubwa na ndogo peke yake. Weka LFO (wimbi la taratibu linalopandisha na kushusha kitu lenyewe) moja ya polepole sana kwenye filta. Imetosha. Ukifika LFO ya nne unajifurahisha mwenyewe.

Hatua ya 6: Igeuze audio

Ukiipenda, irenda papo hapo iwe WAV, usiache sinthi mbili zikihangaisha laptopu mpaka umeme ukatike na mradi haujahifadhiwa. Faili la scl liweke kwenye folda ya mradi huo huo. Na jina la WAV libebe makamu, noti ya kuanzia na tempo, kwa mfano uzi_nazi_rast_do_105.wav, ili ukimpelekea mpiga fidla aje kuongeza chake, ajue atune vipi kabla hajatoka kwao.