Namna ya Kuwaandikia Wahisani Ripoti ya Matokeo ya Utafiti wa Chuo Kikuu

Mhisani aliyegharamia utafiti wa chuo kikuu anastahili kujua fedha zake zimetumikaje, utafiti umegundua nini, na ugunduzi huo umebadilisha nini katika maisha ya watu. Ripoti nyingi hulijibu swali la kwanza kwa ukamilifu na kuligusia la pili, lakini la tatu hulijibu kwa matumaini badala ya ushahidi, na hapo ndipo imani ya mhisani huanza kupungua.

Kabla ya kuandika lolote, soma upya barua au mkataba wa msaada, kisha nakili kusudi lililotajwa humo neno kwa neno, kwa kuwa ripoti yako itapimwa kwa maneno hayo. Ikiwa msaada ni mfuko wa kudumu, ambao mtaji wake huwekezwa na sehemu tu ya mapato yake ikatumika, onyesha thamani ya mfuko, mapato ya mwaka na kiasi kilichotumika, kila kimoja mahali pake. Idara ya fedha ithibitishe hesabu hizo kabla ripoti haijatoka.

Kisha zungumza na mtafiti mkuu ana kwa ana. Ukimuuliza kazi inaendeleaje, atakutajia makala na makongamano. Muulize badala yake: ni nani leo anayefanya jambo kwa namna tofauti kwa sababu ya kazi hii, nasi tunajuaje? Warsha ya wauguzi ni shughuli, na mwongozo uliochapishwa ni zao la shughuli hiyo. Wauguzi wakibadilisha namna wanavyopima shinikizo la damu, hayo ndiyo matokeo. Kupungua kwa wagonjwa wa kiharusi ndiko athari, nayo huchukua miaka mingi kuonekana na huwa na sababu nyingi zaidi ya utafiti mmoja. Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kukipandisha kitu ngazi ambayo hakijaifikia.

Tuseme rasimu inasema: “Msaada wako umeokoa maisha ya akina mama wengi.” Sentensi hiyo inapendeza, ila haina mahali pa kuikagua. Iandike upya: “Msaada wako ulimlipia mwanafunzi wa shahada ya uzamivu miaka mitatu ya masomo na vifaa vya maabara. Kipimo alichokibuni kinajaribiwa katika hospitali mbili, na bado hakijaidhinishwa kwa matumizi ya kawaida.” Sasa mhisani anaona mtu, kazi na hatua iliyofikiwa, na mwakani anajua la kuuliza. Pale ambapo fedha zilitoka kwa wafadhili kadhaa, sema kwamba msaada wake umechangia, na uwataje wengine iwapo wameridhia.

Historia ya chanjo ya polio inafundisha mengi hapa. Utafiti wa Jonas Salk, aliyeibuni chanjo hiyo katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, uligharamiwa na wakfu uliokusanya michango midogo midogo ya wananchi wa Marekani. Majaribio ya mwaka 1954 yalihusisha watoto wapatao milioni 1.8, na tathmini yake haikufanywa na Salk mwenyewe, bali na Thomas Francis wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyeyatangaza matokeo tarehe 12 Aprili 1955. Francis hakuishia kusema kwamba chanjo inafanya kazi. Alieleza pia kwamba ilikinga vizuri zaidi dhidi ya aina mbili za virusi kuliko dhidi ya aina moja iliyobaki. Siku hiyohiyo Salk hakuwashukuru kwa majina wenzake wa maabara, nao waliumia sana. Kwa hiyo wataje wanafunzi na mafundi wa maabara, si profesa peke yake.

Jaribio likishindwa, liseme mapema, ukieleza lilichofundisha na fedha zilizobaki zitakwenda wapi. Mhisani akisikia habari hiyo kwingine kwanza, maelezo yako ya baadaye hayatamtosha. Mabadiliko ya kusudi la fedha yanahitaji kibali chake kwanza. Ripoti si mahali pa kumwarifu jambo lililokwisha kufanyika.

Kwa kawaida kurasa mbili zinatosha, na hesabu ziwe kiambatisho. Istilahi ya kitaalamu ifafanuliwe mara inapotokea. Picha au kisa cha mgonjwa au mwanafunzi kitumike kwa ridhaa yake ya maandishi tu, na matokeo yanayosubiri kuchapishwa au kupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi, yaandikwe baada ya mtafiti kukubali. Rasimu nzima irudi kwake aikague.

Ombi la mchango mpya lisiwekwe katika ripoti. Liwe na barua yake. Kila ahadi iliyomo katika ripoti, hata ile ya “tutakujulisha majaribio yakikamilika”, iandikwe katika daftari la ofisi pamoja na tarehe na jina la atakayeitimiza, ili isipotee mtumishi mmoja anapohama.