Zoeza mafuta yako ya kahawia, usiyagandishe

Kipimajoto changu nimekitundika ukutani, jirani na kiti ninachosomea. Jioni kikionyesha nyuzi 17 za Selsiasi, navua sweta, nabaki na fulana na kaptura, miguu mitupu, nasoma kwa saa mbili. Zoezi lenyewe ndilo hilo. Mwanzoni nilijitosa kwenye maji ya barafu, nikakosea: baridi kali hukutetemesha mara moja, na kutetemeka ni kazi ya misuli. Mimi nataka kazi ya kuupasha mwili joto ifanywe na mafuta ya kahawia, aina mojawapo ya mafuta ya mwilini.

Mafuta meupe huweka akiba. Ya kahawia huichoma. Rangi hiyo inatokana na mitokondria tele (vijiwanda vya nishati ndani ya seli) zenye madini ya chuma, na humo mna protini iitwayo UCP1, inayoiachia nishati itoke ikiwa joto tupu. Ngozi ikihisi baridi, ubongo huamuru neva zimwage noradrenalini, kemikali ya kupasha ujumbe, kwenye seli za mafuta hayo, nazo huanza kuchoma. Vichanga wanayo mengi, maana bado hawawezi kutetemeka vizuri. Kwa watu wazima ilidhaniwa kwamba karibu yote yamekwisha, mpaka tafiti zilizochapishwa mwaka 2009 zikaonyesha kuwa yapo na yanafanya kazi: shingoni, juu ya mitulinga, kando ya uti wa mgongo.

Anza na nyuzi 19 au 20, saa moja kwa siku, kwa wiki nzima. Kisha shuka taratibu hadi 17 na uongeze muda. Vinyweleo vikisimama na vidole vikipoa, uko mahali pake. Taya likianza kugongana, vaa nguo, usishindane nalo. Siku ya kwanza kwenye nyuzi 17 daftari langu linasema "taya, dakika ya 40". Wiki ya tatu nilimaliza saa mbili bila kutetemeka hata kidogo, na nilifurahi mno.

Saa mbili sikuzibuni mwenyewe. Huko Japani, watu waliokaa kwenye nyuzi 17 kwa saa mbili kila siku, wiki sita, mafuta yao ya kahawia yalizidi kufanya kazi na mafuta ya mwili yakapungua kiasi. Kiasi, narudia. Anayetafuta kupungua kilo kwa haraka atakata tamaa, hasa kwa vile baridi huamsha njaa.

Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, au vidole vinavyogeuka vyeupe akishikwa na baridi, amwone daktari kwanza. Mtoto mchanga usimfanyie hivi kamwe.

Tena usikatize. Niliwahi kukaa mwezi mzima kwenye joto. Niliporudi kitini, taya liligongana dakika ya 15. Nikapandisha hadi nyuzi 20, nikafungua ukurasa mpya wa daftari.