Namna ya Kufafanua Hukumu Kubwa kwa Umma: Funzo la Kesi ya Muruatetu

Anayetaka kuwafafanulia wananchi hukumu ya mahakama ataje kwanza swali ambalo majaji waliulizwa, kwa kuwa jibu likitenganishwa na swali lake hupewa maana ambayo mahakama haikuikusudia. Kesi ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake dhidi ya Jamhuri, iliyohusu swali la iwapo sheria inaweza kuifanya adhabu ya kifo kuwa ya lazima kwa kosa la kuua kwa kukusudia, na iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kenya tarehe 14 Desemba 2017, inafaa sana kujifunzia kazi hii.

Isome hukumu yenyewe, wala usitegemee taarifa za magazeti. Ninashauri uanze na kurasa za mwisho, penye amri, kisha ndipo urudi kwenye hoja. Ukifanya hivyo katika kesi hii utaona mara moja kwamba mahakama haikuifuta adhabu ya kifo. Ilichobatilisha ni ulazima wa adhabu hiyo katika kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu. Utaona pia kwamba warufani hawakuachiliwa huru, bali shauri lao lilirejeshwa Mahakama Kuu ili wasikilizwe upya kuhusu adhabu peke yake. Anayewaambia wasomaji kwamba Kenya ilifuta adhabu ya kifo siku ile anawapotosha, na upotoshaji huo ni mzito, kwa sababu familia za wafungwa na za waliouawa hupanga maisha yao kwa kutegemea maneno kama hayo.

Baada ya amri, tafuta sababu iliyoibeba hukumu, uiandike kwa maneno yako mwenyewe. Hapa sababu ni hii: jaji akishamtia mtu hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia, sheria ilimnyima hiari ya kupima adhabu, hivyo lolote ambalo mshtakiwa angesema kuhusu umri wake, mwenendo wake wa awali au majuto yake halikuweza kubadili kitu. Mahakama iliona kwamba hali hiyo inavunja haki ya kusikilizwa kwa usawa, haki ambayo Ibara ya 25 ya Katiba ya 2010 inakataza isiwekewe mipaka. Maelezo mengine ya majaji, hata yakiwa na uzito, yatenge na sababu hii.

Eleza kwa ufupi hukumu zilizotangulia. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imefikia msimamo unaofanana na huo mwaka 2010 katika kesi ya Mutiso, kisha ikaukana mwaka 2013 katika kesi ya Mwaura. Bila historia hiyo msomaji hawezi kujua ni mgongano gani uliotatuliwa.

Kisha fuatilia yaliyotokea baadaye, sehemu ambayo wachambuzi wengi huiruka. Mahakama za chini zilianza kuitumia hukumu hii katika makosa mengine, yakiwamo wizi wa kimabavu na makosa ya kingono, hadi tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilipotoa maelekezo kwamba uamuzi wake unahusu kosa la kuua kwa kukusudia tu, na kwamba anayepinga adhabu ya lazima ya kosa jingine afungue shauri lake na kulifikisha juu kwa utaratibu wa kawaida. Kwa hiyo andika katika uchambuzi wako tarehe uliyohakiki sheria kwa mara ya mwisho.

Maoni yako yaje mwisho, yakiwa yametengwa wazi na maelezo ya hukumu, na yajengwe juu ya hoja za mahakama yenyewe. Kwa upande wangu, naona maelekezo ya 2021 yana msingi wa kiutaratibu, kwa kuwa kifungu ambacho hakikujadiliwa mbele ya majaji hakipaswi kuangushwa kwa kudhania. Hata hivyo, mtu aliyehukumiwa kifo kwa wizi wa kimabavu chini ya kifungu cha 296(2) naye hutamkiwa adhabu ambayo utetezi wake hauwezi kuigusa, na sijaona katika sababu za mwaka 2017 hoja yoyote inayohalalisha kumtofautisha na Muruatetu.