Jinsi ya Kuichambua Namba 1,234,567,890 kwa Kalamu na Karatasi

Namba 1,234,567,890 huandikwa mara nyingi kama mfano tu, pasipo mtu kujiuliza imeundwa na nini. Ili kuzijua sifa zake, ni lazima kwanza kuivunja katika vigawo tasa, yaani namba tasa (zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu) ambazo zikizidishwa pamoja hurudisha namba yenyewe.

Anza na tarakimu. Kwa kuwa namba hii inaishia na 0, inagawanyika kwa 2 na kwa 5. Lakini 90, ambazo ni tarakimu zake mbili za mwisho, haigawanyiki kwa 4 wala kwa 25, kwa hiyo 2 na 5 zimo mara moja moja tu. Kisha jumlisha tarakimu zote: utapata 45, ambayo hugawanyika kwa 9, na hivyo namba yote hugawanyika kwa 9. (Kwa sababu hiyohiyo, hata ukizipanga upya tarakimu hizo kumi kwa mfuatano wowote, hutapata namba tasa kamwe.) Gawanya kwa 90, nawe utabaki na 13,717,421, ambayo jumla ya tarakimu zake ni 26, kwa hiyo haina 3 nyingine ndani yake.

Hapa ndipo wengi huchoka, kwa maana anayejaribu namba tasa moja baada ya nyingine atagawanya mara 500 hivi kabla ya kufanikiwa. Njia ya Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, ni fupi zaidi: tafuta vipeo viwili vya pili ambavyo tofauti yao ni namba unayoivunja, kwa maana a × a − b × b ni sawa na (a − b) × (a + b). Kipeuo cha pili cha 13,717,421 ni 3,703 na ushei, basi anza na 3,704: izidishe kwa yenyewe upate 13,719,616, kisha toa 13,717,421. Inabaki 2,195, ambayo si kipeo cha pili cha namba nzima yoyote, kwani iko kati ya 46 × 46 na 47 × 47. Panda hadi 3,705, ambayo kipeo chake cha pili ni 13,727,025. Safari hii tofauti ni 9,604, sawasawa na 98 × 98. Vigawo basi ni 3,705 − 98 na 3,705 + 98, yaani 3,607 na 3,803. Njia hii imefika upesi kwa sababu vigawo hivyo vinakaribiana. Vikiwa mbalimbali sana, huweza kuchosha kuliko kugawanya.

Hakikisha kwamba vyote viwili ni tasa kwa kuvigawanya kwa kila namba tasa kuanzia 7 hadi 61. Kila mara kutakuwa na baki. Kwa hiyo:

1,234,567,890 = 2 × 3 × 3 × 5 × 3,607 × 3,803

Sasa idadi ya vigawo vyote, yaani namba zote zinazoigawanya bila baki, ni rahisi kuipata: chukua kila kipeo (idadi ya mara ambazo kigawo tasa kimejirudia), ongeza 1, kisha zidisha. 3 ina kipeo 2 na nyingine zina kipeo 1, kwa hiyo ni 2 × 3 × 2 × 2 × 2, yaani vigawo 48. Jumla ya vigawo hivyo hupatikana kwa kuzidisha (1 + 2), (1 + 3 + 9), (1 + 5), (1 + 3,607) na (1 + 3,803), yaani 3 × 13 × 6 × 3,608 × 3,804, ambayo ni 3,211,610,688. Ukiondoa namba yenyewe hubaki 1,977,042,798, kwa hiyo vigawo vidogo vya namba hii, vikijumlishwa, huipita namba yenyewe.