Jinsi ya kwenda kuangalia onesho ukumbi wa TaSUBa Bagamoyo ukitokea Dar

Watu wa Dar tukienda Bagamoyo ni Ngome Kongwe, magofu ya Kaole, picha mbili tatu kwenye mbuyu alafu huyoo nyumbani. Ule ukumbi wa chuo cha sanaa, yaani TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), tunaupita tu, wakati kwa mtu anaependa ngoma na maigizo yaani pale ndo penyewe.

Kwanza hakikisha kuna onesho. Ukijiendea tu utakuta steji tupu na mlinzi. Wapigie chuoni au cheki kurasa zao mtandaoni, uliza siku, saa na kiingilio. Wengi wanasubiri lile tamasha la kila mwaka lililoanza 1982, ni zuri sikatai, vikundi vinakuja mpaka vya nje, ila gesti zinajaa balaa, so mi nakushauri uulizie pia maonesho ya wanafunzi, watu wachache unakaa karibu unaona hadi jasho.

Gari za Bagamoyo zipo stendi ya Makumbusho. Ni kama kilomita 70 hivi ila usidanganyike na hizo kilomita, kuna foleni ya Mwenge, kuna Tegeta, kuna Bunju, ukishavuka hapo ndo gari inatembea sasa, Mapinga, Kerege, Zinga unafika. Ondoka mapema. Ukishuka stendi chukua bajaji au boda mwambie chuo cha sanaa, barabara ya kwenda Kaole, patana bei kabla hujapanda.

Ukifika ujue uko wapi basi. Chuo kilianza 1981, jina la TaSUBa limekuja 2007, na ukumbi unaouona sio ule wa mwanzo, ule uliungua moto 2002. Marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki mgogo wa Dodoma aliyezungusha ala za ilimba na zeze dunia nzima, alikua mwalimu hapo. Kama hujawahi kumsikia tafuta nyimbo zake usikilize njiani kwenye gari, bando halitaisha.

Ndani sasa. Beba noti ndogondogo za kutunza, maana mtu akikata kiuno kwenye ngoma ya sindimba afu umekaa umekunja mikono inakua aibu jamani. Hutaki kuvutwa kucheza? Usikae mbele. Simu weka kimya, na kabla ya kurekodi uliza, wengine ndo kazi yao ile wanauza. Jipake dawa ya mbu, bahari iko hapo hapo na jioni wanang'ata kweli.

Onesho la usiku usipange kurudi Dar siku hiyohiyo, gari zinakua za kubahatisha na boda usiku mpaka Bunju mi siwezi kukushauri. Tafuta gesti mchana ulipie kabisa, uweke begi, ndo uende soko la samaki ule pweza taratibu ukisubiri muda.