Jinsi ya kufunga mtandao wa Wi-Fi nyumbani bila intaneti

Bando likiisha, Wi-Fi haifi. Vitu hivi viwili huchanganywa kwa sababu vimezoeleka kuja ndani ya kisanduku kimoja. Rauta ndiyo inayounganisha vifaa vya humo ndani. Intaneti ni mlango wa kutokea nje tu, na mlango ukifungwa waliomo ndani bado wanaweza kupeana chumvi. Unaweza kuhamisha faili, kutazama kwenye simu filamu zilizo kwenye kompyuta, na kuprinti, bila kununua hata MB moja.

Kinachosumbua ni simu na Windows, ambazo huhesabu Wi-Fi isiyo na intaneti kuwa mbovu. Sehemu kubwa ya kazi ni kuzituliza.

Vifaa

Rauta moja, hata ile iliyolala kabatini. Rauta ya laini ya 4G nayo hufaa bila laini. Ukienda kununua Kariakoo, mtaa wa Aggrey na mitaa ya jirani, tafuta yenye bendi mbili, GHz 2.4 na GHz 5. Kama ni ya mtumba, usiondoke dukani kabla ya kufanya mambo mawili.

Kwanza, linganisha adapta na kibandiko cha chini ya rauta. Volti lazima zilingane: adapta ya volti 12 kwenye rauta ya volti 9 inaweza kuiunguza. Ampea zikizidi hakuna shida, lakini zikipungua rauta itakuwa inajizima na kujiwasha kila ikipata kazi nzito, na utailaumu bure.

Pili, mwambie muuzaji aiwashe, bonyeza kitufe cha reset kwa sekunde 10, kisha hakikisha unaingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Baadhi ya rauta zilizotolewa na kampuni za intaneti hurudi kwenye pasiwedi ya kampuni, ambayo haimo kwenye kibandiko. Hiyo iache hapohapo.

Ongeza waya wa mtandao, aina ya Cat5e, wa mita 2 hadi 5. Mengine unayo.

Hatua ya 1: Pakua kila kitu mapema

Ukiwa bado na bando, pakua VLC, programu ya kutazamia video, kwenye simu na kompyuta zote, pamoja na draiva kamili ya printa yako. Ile ndogo ya MB chache huwa inakwenda kutafuta mengine mtandaoni, na itakukwamisha. Wenye watoto wa shule wapakue pia Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti, na faili la Wikipedia ya Kiswahili. Kompyuta moja itawasomesha wote.

Hatua ya 2: Weka rauta mahali pake

Katikati ya nyumba, urefu wa mita 1.5 hadi 2, wazi. Kuta za tofali za saruji hunyonya mawimbi, na zege lenye nondo ni baya zaidi. GHz 5 ikishapita kuta mbili za namna hiyo huwa imechoka. Usiifiche ndani ya kabati la TV. Joto la Dar es Salaam peke yake linaitosha.

Tundu la WAN, la kuingizia intaneti, ambalo kwa kawaida lina rangi tofauti na mengine, liache wazi. Kompyuta itakayotunza faili ichomeke kwa waya kwenye tundu la LAN, yaani la vifaa vya ndani. Hili watu hulidharau. Kompyuta na simu zote zikiwa kwenye bendi moja ya Wi-Fi, kila faili hupita hewani mara mbili, kwenda kwenye rauta na kutoka, hivyo kasi hupungua karibu nusu.

Hatua ya 3: Panga rauta

Usitumie programu ya simu ya rauta, kwani nyingine hudai akaunti ya mtandaoni. Fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye kibandiko, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ikikuambia hakuna intaneti, ruka hatua hiyo. Kisha:

1. Badilisha anwani ya LAN iwe 192.168.10.1. Utakatika, chomoa waya, rudisha, ingia kwa anwani mpya.
2. Acha DHCP (inayogawia vifaa anwani) imewashwa, igawe kuanzia 192.168.10.100 hadi 192.168.10.199.
3. Kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, itengee kompyuta ya faili anwani 192.168.10.10. Chomoa na urudishe waya wake ili iichukue.
4. Ipe Wi-Fi jina, chagua usalama wa WPA2 na pasiwedi ya herufi 12 au zaidi. Kukosa intaneti hakumzuii jirani kuchungulia picha zako.
5. Kwenye GHz 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11, upana MHz 20. Sehemu zilizobanana kama Sinza au Mwananyamala, jaribu zote tatu uone iliyo na nafuu. Kwenye GHz 5 chagua 36, 40, 44 au 48.
6. Zima kitu kinachoitwa AP Isolation, na usitumie Wi-Fi ya wageni. Vyote viwili huzuia vifaa kuonana.

Hatua ya 4: Kompyuta ya faili

Kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, badilisha Public iwe Private. Ikibaki Public, fayawoli itafunga mlango na hakuna atakayeiona.

Kisha fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) kwa kibali cha administrator, uandike mstari huu ukiweka pasiwedi yako:

net user nyumbani PasiwediYako /add

Akaunti hii, ambayo simu na kompyuta nyingine zitaingilia, inaokoa muda mwingi. Watu hufika kwenye kisanduku cha pasiwedi wakaingiza PIN ya kufungulia kompyuta, ikakataa, wakaamini mtandao mbovu. PIN haifanyi kazi kupitia mtandao, na akaunti isiyo na pasiwedi hukataliwa kabisa.

Bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, Sharing, kisha Share. Andika nyumbani, mpe Read (kusoma tu). Toa ruhusa ya kuandika kwa folda moja tu ya kupokelea vitu, vinginevyo mtoto atafuta picha za harusi.

Mwisho, izuie kompyuta isilale. Ikilala, folda hupotea mtandaoni.

Hatua ya 5: Simu na kompyuta nyingine

Android ikiungana itauliza kama ubaki kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti. Kubali, weka tiki ya kutoulizwa tena. Simu ikiendelea kuruka, zima data wakati unatumia mtandao wa ndani.

Kwenye kompyuta andika \\192.168.10.10 sehemu ya anwani ya folda. iPhone: programu ya Files, Connect to Server, smb://192.168.10.10. Android: VLC, ongeza seva ya SMB (njia ya Windows ya kugawana folda) kwa anwani ileile. Tumia namba badala ya jina la kompyuta; majina hugoma mara kwa mara.

Ikigoma

Kifaa chenye anwani inayoanza na 169.254 hakikupewa namba: DHCP imezimwa au waya umelegea. Kama kuna rauta mbili, zima DHCP ya moja, uipe 192.168.10.2, uziunge LAN kwa LAN. Zote zikigawa namba, vifaa hupotezana. Printa isiyoiona Wi-Fi yako huenda inajua GHz 2.4 tu. Filamu ikikwamakwama chumbani lakini sebuleni iko sawa, hamia GHz 2.4, polepole lakini yafika: GB 2 kwa kasi ya Mbps 40 huchukua kama dakika 7.

Umeme ukikatika na kurudi, mipangilio hubaki ila saa ya rauta hupotea, maana huisoma kutoka intaneti. Kwa hiyo usitegemee ratiba ya kuzima Wi-Fi usiku. UPS ndogo (betri ya akiba) ya volti sahihi hulimaliza tatizo hilo. Kuhusu LUKU usihofu: rauta ya wati 10 ikiwaka mwezi mzima hula uniti 7 hivi.

Siku ukivuta intaneti, chomeka waya wake kwenye lile tundu la WAN, ukiiacha rauta ijipatie anwani yenyewe upande huo. Namba 192.168.10 imechaguliwa kwa ajili ya siku hiyo: modemu nyingi hutumia 192.168.1 au 192.168.0, na pande mbili zenye namba moja hazipitishi kitu.